Hita ya zamani inavuja: nifunge sola Njombe, mahali jua linapotea tukilihitaji?

Mhariri na wasomaji wenzangu, kamwene.

Tunaishi Njombe mjini, watu sita nyumba moja, na ninaomba ushauri wa hita ya maji ya kuogea kabla kipupwe hakijatukuta. Aliyekaa Mafinga, Makambako au Mbeya mwezi wa sita hahitaji maelezo. Wa Dar es Salaam na Tanga nawaambia tu kwamba huku kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa jalidi na maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa. Mama mkwe wangu ana maumivu ya viungo. Kwake maji ya moto ni dawa. Akiyakosa asubuhi, magoti yanamkaza mpaka saa nne.

Hita tuliyonayo ni ya umeme, tanki la lita 80, tuliikuta humu ndani tulipoinunua nyumba. Fundi alipoifungua alikuta ile fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu ili tanki lisiliwe, imekwisha kabisa. Sasa maji yanatoka kwenye mshono wa chini. Elementi inayopasha maji hubadilishwa, thamostati inayodhibiti joto hubadilishwa, lakini tanki lililooza kwa ndani ni la kutupa. Kwa hiyo kununua ni lazima, na kwa kuwa lazima, nataka ninunue kitu kitakachopunguza mzigo wa LUKU.

Nimekaa na kalamu. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja ya joto kunahitaji wati-saa 1.16, na uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Maji yakiingia na nyuzi 15 nikayafikisha 60, lita 80 zinakula uniti 4.2. Tukilimaliza tanki mara moja kwa siku, mwezi unafika uniti 126, na hapo sijahesabu joto linalopotea usiku tanki likiwa limekaa tu. Wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wana bei yao nafuu ya TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Sisi tuko kwenye 292, na kodi na tozo zikiingia inapita 350. Yaani hita peke yake inatutoa kwenye kundi la bei nafuu kabla sijawasha taa wala friji, na inakula zaidi ya shilingi elfu arobaini kila mwezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mume wangu anataka sola ya mirija ya vioo, lita 200, tanki juu ya paa. Mimi pia naipenda. Kuanzia Agosti mpaka mvua zianze, jua la huku ni kali hata upepo ukiwa wa baridi, na miezi hiyo nadhani tungeoga bila kugusa umeme. Wasiwasi wangu ni Juni na Julai, ukungu unaposhuka na manyunyu kutwa nzima. Muuzaji anasema nisihofu, ndani kuna elementi ya akiba. Lakini hesabu ileile inaniambia kwamba kuzipasha lita 200 za baridi kutoka 15 hadi 60 ni uniti 10.5, mara mbili na nusu ya hita ninayoitupa! Kama wiki nzima haina jua, si nitalipa zaidi ya sasa?

Kuna na paa lenyewe. Huku kusini mwa Ikweta paneli inatakiwa itazame kaskazini, hasa kwa kuwa Juni jua limehamia upande huo. Paa letu limelalia mashariki na magharibi. Tanki likijaa, pamoja na fremu na mirija, uzito ni zaidi ya kilo 200, na kenchi zetu ni za mbao za paini. Halafu maji hukatika. Nimesikia kwamba mirija ikikaa mikavu juani kisha maji baridi yakaingia ghafla, inapasuka.

Shemeji yangu anasema tuache makuu, tufunge shawa ya umeme bafuni, inayopasha maji papo hapo. Ni rahisi, na haina tanki la kupoteza joto. Ila kwa maji ya nyuzi 15, shawa ya kilowati 4.5 inatoa lita tatu hivi kwa dakika zenye joto la kuogea. Jioni umeme wa mtaani kwetu unashuka. Volti zikiwa 180 badala ya 230, nguvu yake inabaki kama kilowati 2.8. Mama atasimama chini ya vijitone. Tena nyaya za bafuni ni nyembamba, na sitaki mchezo na eathi mahali penye maji.

Wazo langu ni kufunga sola ndogo isiyo na elementi kabisa, maji yake yapite kwenye hita ya umeme ya lita 30 ndani ya nyumba kabla ya kufika bafuni. Siku ya jua hita haitawaka. Siku ya ukungu, kama sola imeyafikisha maji nyuzi 30 tu, umeme unamalizia palipobaki, tena kwa lita chache. Fundi wangu hajawahi kufunga hivyo na anasita.

Basi naomba waliofanya hivi kwenye nchi za baridi waniambie. Hita ndogo inavumilia maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 70 za mwezi wa kumi, na je, valvu ya kuchanganyia na maji baridi ilitosha kuwalinda watoto wasiungue? Kwenye paa la mashariki na magharibi, ni bora kuweka fremu ya kuinua itazame kaskazini, au tujenge mnara pembeni pa simtanki na kuiweka huko? Na aliyeshusha matumizi chini ya uniti 75, alirudishwaje kwenye bei nafuu: ilibidi aombe, na alisubiri muda gani?

Bajeti yetu haizidi milioni mbili na nusu pamoja na ufundi, na tanki linavuja kila siku zaidi.

Mama wa watoto watatu,
Njombe