Usiufute mshale, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Kesho basi lako linaondoka alfajiri, na kituoni hatutapata nafasi ya kusemezana haya. Jana usiku nililiona daftari lako la fizikia mezani. Ukurasa wa saketi ya betri mbili umefutwa mpaka karatasi imetoboka. Mkondo wa betri ya pili ulikuja hasi 1, ukadhani umekosea, ukageuza mshale wa mwelekeo wa mkondo hesabu ikiwa katikati. Hapo ndipo ulipoharibu.

Ule mshale ni dhana yako tu. Hakuna ajuaye mkondo unaelekea wapi kabla ya kukokotoa. Chora upande wowote, kisha ushikilie huohuo hadi mlinganyo wa mwisho. Jibu likija hasi, ukubwa ni uleule, ila mkondo unakwenda kinyume na ulivyochora. Basi. Usiufute.

Tena ulishika njia ndefu: vitanzi viwili, yaani njia mbili za mkondo zinazozunguka na kujifunga, milinganyo miwili, alama zinakuvuruga kila kona. Kabla ya kuandika chochote, hesabu vitanzi, hesabu na vifundo, yaani pale nyaya zinapokutana, ufuate penye visivyojulikana vichache. Pale kuna vifundo viwili. Kimoja kipe volti sifuri, volti za cha pili ziite V. Betri ya volti 12 ina ukinzani wa omu 2, ya volti 6 ina omu 2, mzigo, yaani kinachotumia umeme, una omu 8. Mikondo inayoingia kwenye kifundo ni sawa na unaotoka:

(12 − V)/2 + (6 − V)/2 = V/8

V ni 8. Betri kubwa inatoa ampea 2, mzigo unachukua 1, na 1 iliyobaki inaingia kwenye betri ndogo. Hasi yako ilikuwa sahihi, mwanangu! Uliifuta kweli ukaandika uongo.

Na usiniambie tena kwamba hizi ni hesabu za wazee. Kirchhoff, mwanafizikia Mjerumani, alizitoa kanuni hizi za saketi mwaka 1845 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Königsberg. Wewe michoro yako ni misafi kuliko yangu, nami nimefunga nyaya miaka ishirini.

Zile betri za sola nazo. Niliunga mpya na kuukuu pamoja, taa zikawa zinazimika kabla ya saa nne usiku. Nilipopima kuukuu, mita ikaonyesha mkondo hasi, nikasema mita imekufa. Kumbe betri kuukuu ilikuwa inamnyonya mwenzake usiku kucha. Wiki ile nilikugombeza kwamba unalala televisheni ikiwaka. Hukuwa umeiwasha. Mama yako alinieleza, sikumsikiliza.

Kwa hiyo ukiona hasi kwenye mtihani, iache ilivyo, uandike chini yake mkondo unaelekea wapi. Usiufute mshale.

Ada iliyobaki nitaituma mwisho wa mwezi, mhasibu akikuuliza mwambie hivyo. Sabuni ni mche mmoja, uukate vipande usiishe mapema. Kashata za bibi yako ziko chini ya shuka, na amesema usizigawe zote siku ya kwanza. Kufuli la sanduku linakwama, lipake mafuta kidogo. Mkebe wako nimeupanga mwenyewe: rula, bikari, kalamu tatu. Ufutio sikuutia. Ukiuhitaji kwa grafu, azima kwa mwenzako.

Mungu akutangulie.

Ni mimi baba yako.