Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: profesa ana fungu lake, fundi wa Matondoni je?

Mheshimiwa Waziri, salamu aleikum kutoka Amu, yaani Lamu.

Nakuandikia wewe na sio chuo chochote manake ukiandikia chuo barua inatembezwa ofisi hadi ofisi mpaka inachoka, na pia hili sio jambo la chuo kimoja, ni la sera, na vyuo vya umma viko chini ya wizara yako. Siku hizi kila chuo kinataka kuwa na ofisi ya ubunifu, ya miliki bunifu (yaani haki ya mtu juu ya alichobuni), ya kupeleka teknolojia sokoni, na kila mkubwa wa chuo akishika maiki anasema utafiti usikae kabatini, ulete pesa. Mimi sipingi. Vyuo vina madeni hadi shingoni, kila mtu anajua, wacha watafute. Ninachouliza ni hiki tu, hiyo bidhaa mnayotaka kuuza malighafi yake mmeitoa wapi na kwa nani?

Manake hapa kwetu mnachotoa ni vilivyomo vichwani mwa watu. Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani, kuna mafundi wanaunda mashua bila kuchora hata mstari mmoja kwenye karatasi, wanajua taruma gani (mbavu ya chombo) itatoka kwenye mti gani kabla mti haujakatwa, wanakalafati, yaani wanaziba nyufa za mbao, kwa pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, na chombo kinaenda Mombasa na kurudi. Na kuna deheni, ile ya kupaka upande unaokaa chini ya maji ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Chokaa, shahamu (mafuta ya mnyama), na kitu cha tatu ambacho mjomba wangu hataki nikiandike hapa kwa hivyo sikiandiki.

Watafiti walikuja kwa mjomba. Vijana wazuri, wana adabu, walisalimu vizuri wakakaa barazani wakapewa kahawa, wakarekodi kwa simu, wakapiga picha za chombo na za mikono yake, akawaeleza kila kitu isipokuwa kile cha tatu (mzee sio mjinga), halafu wakampa karatasi imeandikwa Kiingereza kitupu akaweka sahihi kwa sababu ni wageni na mgeni humuudhi. Baadaye kijana wa mtaani anayesoma bara akatuonyesha tasnifu iko mtandaoni, PDF, yeyote duniani anaishusha bure, na mle ndani mjomba hana jina. Ni "mhojiwa" na namba. Picha ya mikono ipo, jina la mwenye mikono halipo!

Najua jibu litakalokuja, kwamba kuficha jina ni maadili ya utafiti. Kwa mgonjwa sawa kabisa, kwa mtu anayetoa siri za nyumbani kwake sawa. Lakini fundi anayeeleza kazi yake ukimficha jina humlindi, unampokonya, na kwani mliwahi kumuuliza kama anataka kufichwa? Angewaambia andikeni kwa herufi kubwa.

Sasa tizama hasara yenyewe, na hapa ndipo naona hata chuo kimejiumiza. Patenti, ile haki ya kisheria ya kuwa peke yako unayetumia na kuuza ulichovumbua, inataka kitu kiwe kipya. Ukishakitangaza kwa watu, iwe ni kwa tasnifu au jarida au semina, upya umeanza kupotea, sheria yetu ya 2001 inakuachia miezi 12 upeleke ombi lako pale KIPI, ofisi ya serikali inayotoa patenti, ukienda Ulaya kwa kawaida hawakuachii hata siku moja. Kwa hiyo ile PDF imefunga milango miwili kwa mpigo, sisi hatuwezi tena kusema yaliyomo mle ni siri yetu, na chuo nacho hiyo miezi 12 ikipita hakiwezi kudai kilichoandikwa mle. Halafu kampuni ya rangi za meli huko nje inasoma bure, inaongeza kitu chake kimoja kipya, inachukua patenti ya miaka 20 juu ya hicho kipya, na kesho tunauziwa debe lake hapa hapa gatini. Hakuna mwizi kortini wa kumshtaki, kila mtu alifuata utaratibu. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa kuchapisha, hapandishwi kwa kusubiri, basi atasubiri kwa nini?

Mheshimiwa, vyuo vya Kenya haviwezi kuniambia havijui uchungu huu, manake vimeuonja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya kazi na wenzao wa Chuo cha Oxford, Uingereza, kuhusu chanjo ya Ukimwi, utafiti uliotokana na wanawake wa Majengo, Nairobi, waliokuwa wakikutana na virusi mara kwa mara na baadhi yao hawaambukizwi. Ikaja kujulikana mwaka 2000 kwamba Waingereza wamepeleka ombi la patenti na wenzao wa Nairobi hawamo. Kelele zilipigwa nchi nzima, magazeti, maprofesa, wanasiasa, na haki ilikuwa upande wetu, mpaka makubaliano yakaandikwa upya na Nairobi ikaingizwa. Vizuri sana. Lakini mimi nikiisoma hiyo habari najiuliza, hasira ile ile mbona haishuki chini? Profesa akidhulumiwa na Oxford ni ukoloni, mzee wa Matondoni akiachwa nje na profesa ni maadili ya utafiti.

Na msiseme mgao ni hesabu ngumu. Stanford kule Marekani wana ofisi ya leseni tangu 1970, sheria yao ni kwamba pesa ikiingia inakatwa asilimia 15 ya ofisi, na zinazobaki kwa kawaida zinagawanywa mafungu matatu, la mvumbuzi, la idara yake, la kitivo. Patenti maarufu za kuunganisha chembe za urithi, zao na za chuo cha California, ziliingiza zaidi ya dola milioni 250 kwa leseni, na ziliisha 1997. Pesa kama hizo ni bahati, leseni nyingi duniani hazirudishi hata gharama ya wakili, na naomba wakubwa wa vyuo vyetu wasiote hizo namba. Ila huo mgao wa theluthi ndio naupenda. Kama mvumbuzi ana fungu lake kwa sababu wazo lilitoka kichwani mwake, basi ikiwa nusu ya wazo ilitoka kichwani mwa mtu mwengine barazani, huyo mtu fungu lake liko wapi kwenye fomu? Hakuna hata mstari wa kuandika jina lake.

Afrika hii hii imewezekana. Baraza la utafiti la Afrika Kusini, CSIR, lilichukua patenti juu ya mmea wa hoodia ambao Wasan, jamii ya wawindaji wa huko, wanautafuna kuzuia njaa wakiwa mawindoni, na Wasan hawakuambiwa. Wakapigania, mwaka 2003 wakatia sahihi makubaliano ya kupata asilimia 6 ya mrabaha, yaani malipo ya leseni ya patenti hiyo. Mwishowe dawa yenyewe haikufika sokoni vile ilivyotarajiwa na pesa zikawa kidogo, lakini jina lao liko kwenye mkataba na hakuna atakayelifuta.

Sheria hata tunayo, hilo ndilo linaloniudhi. Katiba ya 2010 kifungu cha 11 kinasema Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe kwa matumizi ya tamaduni zao, ikatungwa 2016, ya kulinda maarifa ya jadi, inataka ridhaa ya wenyewe kabla ya kutumia na inazipa kaunti kazi ya kusajili. Mtafiti naye hawezi kuanza bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na akifika kaunti lazima apige ripoti kwa Kamishna na kwa mkurugenzi wa elimu. Sasa huoni? Karatasi inapita Nairobi, inapita ofisi mbili hapa Amu, zote zinagonga muhuri, na mtu pekee ambaye hapelekewi karatasi anayoweza kuisoma ni yule mwenye maarifa.

Kwa hiyo naomba utumie hiyo njia iliyopo, usituundie tume. Leseni ya utafiti iwe na fomu ya Kiswahili inayouliza unataka kutajwa jina au la, na kama kitu hiki kitauzwa utapata nini, ijazwe kabla ya kurekodi na sio baada. Ofisi ya miliki bunifu ya chuo isome tasnifu kabla haijawekwa mtandaoni, kama kuna kitu cha kulindwa ifungwe kwa muda mpaka watu wazungumze. Na ripoti irudi kijijini, sio maktaba ya Nairobi peke yake.

Najua wasiwasi wako mwengine, nani apokee pesa za jamii. Hapo uko sawa wallahi, sisi wa Amu tusijifanye malaika, ukisema kuna mgao kesho asubuhi utakuta kamati tatu na kila moja ina mwenyekiti na muhuri wake. Ndio maana nasema jina kwanza, mkataba pili, pesa ya tatu, na hiyo pesa ikija mimi ningependelea ilipe vijana posho wakae na mafundi wajifunze, manake kijana siku hizi akiona bodaboda inampa pesa ya leo haendi kushika tezo la kuchongea mbao. Wengine hapa watanipinga, watasema mzee apewe mkononi, na hawakosei pia.

Wakati ule Flipflopi, jahazi ya plastiki iliyotumika, iliposhuliwa hapa Lamu 2018 dunia nzima iliandika, nayo iliundwa na mafundi wa hapa hapa kwa ujuzi wa hapa hapa. Hakuna aliyewaita wahojiwa. Kwa hiyo mkitaka mnaweza.

Mjomba anasema watafiti wakija tena atawakaribisha tu, kahawa ipo. Ila safari hii karatasi ya Kiingereza hatii sahihi, na mimi nimemwambia kila mwenye karakana huku afanye hivyo hivyo mpaka tusikie kutoka kwako. Jibu liwe la maandishi, kwa Kiswahili, na nakala ipelekwe kwa Gavana wetu kwa sababu ule usajili ni kazi yake na yeye pia hajatuambia kitu.

Wako,
Mpwa wa fundi, Lamu