Mahabusu ya watoto: tuhesabu siku kwanza, vitanda baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wote wanaopanga kujenga mahabusu mpya za watoto wanaokinzana na sheria, hasa kwa mkoa wetu wa Tanga.

Kosa huanza pale swali la kwanza linapokuwa "vitanda vingapi?" Idadi ya vitanda haijulikani mpaka ijulikane mtoto anakaa siku ngapi. Tuseme kwa mwezi wanaingia watoto 20 na kila mmoja anakaa miezi mitatu: humo ndani utawakuta 60. Kesi zikiisha ndani ya mwezi mmoja, utawakuta 20. Watoto ni walewale. Tofauti ni kama ofisa ustawi wa jamii alipata nauli ya kwenda Kilindi kuonana na wazazi, akarudi na taarifa kabla kesi haijaahirishwa tena. Nauli hiyo ni kitu gani mbele ya gharama ya bweni zima? Wengine wanalala ndani kwa kukosa mdhamini tu. Hao watafutiwe shangazi au mjomba, si kitanda. Kwa hiyo kabla ya ramani lifunguliwe daftari la mahabusu, mwaka mzima upitiwe jina kwa jina: aliingia lini, alitoka lini, nini kilimchelewesha.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Mkataba wa Haki za Mtoto, ibara ya 37, unataka kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa. Jengo kubwa hupingana na yote mawili, kwani likishakuwapo hujazwa.

Kiwanja kiwe mjini, karibu na mahakama na Hospitali ya Bombo. Shamba la bure nje ya mji ni ghali: kila tarehe ya kesi inadai gari, mafuta na wa kumsindikiza mtoto, na siku gari likiharibika kesi inaahirishwa. Mabweni yawe madogo, watoto wanane hadi kumi, ili mlezi amjue kila mmoja. Wa miaka 17 asilale na wa 12. Wasichana wawe na mlango na ua wao.

Hapa kwetu pwani, chumvi haina huruma. Zege lililofunika nondo likiwa jembamba, au likachanganywa na mchanga wa baharini usiooshwa, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua. Madirisha yakae pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Bweni lenye dirisha upande mmoja halilaliki Januari.

Moto ndio unaotisha zaidi. Godoro la sponji likiwaka, moshi wake unaua kabla ya moto kufika. Milango ifunguke kuelekea nje, ufunguo mmoja ufungue yote, na uwe kiunoni mwa mlezi wa zamu aliyepo bwenini. Ufunguo uliofungiwa kabatini ofisini, usiku umeme umekatika, haumwokoi mtu.

Maji: tuseme mabweni ni matatu ya watoto kumi; watoto 30 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 1,500 kwa siku. Akiba ya siku tatu ni lita 4,500, yaani tangi moja la lita 5,000.

Kinachosahaulika kila mara ni watumishi. Nafasi moja ya mlezi, usiku na mchana, ni zamu tatu kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Mtu mmoja hufanya zamu tano. Ukiweka likizo na maradhi, nafasi hiyo moja inahitaji watu watano, na mabweni matatu yanahitaji walezi 15, mbali na mwalimu, mpishi na ofisa ustawi. Mishahara hiyo isipokuwa kwenye bajeti siku ileile ya kupitisha fedha za ujenzi, watoto watafungiwa saa kumi na moja jioni hadi asubuhi, na karakana mpya ya kuwafundishia ufundi itabaki na kufuli.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga