Kasema nani?

Mhariri,

Nimewasoma kwa miaka 23 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengine yalinikera, nikameza. Hili la ukurasa wa lugha limenikwama kooni. Mliwaambia vijana kwamba anayetaka kuandika Kiingereza cha kiofisi aache "people say" na ashike "it is said that", kwa sababu huo ndio uandishi uliokomaa, usioegemea upande. Mkaweka na jedwali: kushoto sentensi zenye mtendaji, kulia sentensi zile zile, mtendaji kaondolewa.

Jedwali hilo nalijua tangu niko kwenye dawati. Mwalimu anaandika ubaoni "People believe that he is rich". Mwanafunzi anaigeuza mara mbili: kwanza "It is believed that he is rich", halafu "He is believed to be rich". Anapata alama zake, somo linaendelea. Hakuna siku niliyosikia swali la mtihani likiuliza hao "people" ni akina nani na wamejuaje. Na kuna jambo ambalo makala yenu haikuligusa. Mwambieni kijana airudishe "He is said to be rich" kwenye kauli ya kutenda bila kubadili umbo, aandike "They say him to be rich", na mtasikia wenyewe kwamba hicho si Kiingereza. Kitenzi "rumour", yaani kuvumisha, nacho, kwa Kiingereza cha leo, karibu hakitumiki ila kwenye kauli ya kutendwa. Uvumi umepewa kiti katika sarufi ile, mvumishaji hakupewa. Ndiyo maana nasema kumfundisha mtoto umbo hili bila kumfundisha kuuliza "nani?" ni kumpa kisu bila ala.

Mimi ni mfasiri. Miaka kadhaa iliyopita, taasisi moja niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitoa waraka wenye tarehe iliyokosewa, ikabidi uchapishwe upya. Ikaandikwa ripoti kwa Kiingereza, kurasa 14, na kwenye ukurasa wa 9 kulikuwa na sentensi hii: "It is understood that the translator had been warned." Maneno tisa. Mfasiri huyo ni mimi, na hakuna aliyenionya. Itazameni vizuri, Mhariri, maana mimi nimeitazama mpaka nikaikariri: ina kauli ya kutendwa mara mbili. Kuna aliyeelewa, hatajwi. Kuna aliyeonya, naye hatajwi. Aliyebaki amesimama peke yake katikati ya sentensi, mchana kweupe, ni mimi. Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo, akanijibu, "Ndivyo ripoti inavyosema." Nikaenda kwa aliyeiandika, akasema ndivyo ilivyoeleweka kwenye kikao. Aliyeongoza kikao akasema yeye alipokea rasimu tu. Nilizunguka ofisi hizo kwa wiki sita, barua pepe zangu zote nimezichapa na kuzipanga kwa tarehe, na sikupata mtu wa kumwonyesha. Kama wangeandika "Fulani anasema alimwonya mfasiri", ningemwendea Fulani asubuhi ile ile. Fulani angeweza kuonyesha ushahidi, au kukiri amechanganya mambo, au kuniomba radhi. Sentensi haiulizwi wala haiombi radhi. Mkataba wangu haukuongezwa, na mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, akanipoza kwa kuniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali ile sijaweza kuisikia kwa amani tena.

Huo ndio uandishi mnaouita usioegemea upande. Uliegemea upande, na ukaficha bega.

Sisemi Kiingereza hakina adabu yake. Maneno haya yana uzito tofauti, na anayeyajua huyapima. "He is known to have left" humfunga mwandishi, maana amekubali kwamba mtu huyo aliondoka. "He is alleged to have left" ni tuhuma. "Reported" ina maana ipo taarifa mahali fulani. Na "it is understood", kwenye magazeti ya Uingereza, mara nyingi ni mwandishi aliyeambiwa na mtu ambaye hawezi kumtaja. Tena waandishi wasidhani maneno hayo ni ngao: kwa sheria ya kashfa ya Uingereza, anayerudia kashfa aliyoisikia hubeba lawama kama aliyeianzisha, hata akitanguliza "it is alleged". Sasa tazameni kurasa zenu za habari za nje. Vipimo vyote hivyo vinamiminwa kwenye chungu kimoja: inasemekana. "Alleged", inasemekana. "Understood", inasemekana. Nimeona hata "is known to" ikigeuzwa inasemekana, yaani jambo lenye uhakika limerudishwa kuwa mnong'ono.

Na inasemekana inaficha kuliko "it is said" yenyewe. Kauli ya kutendwa humwachia mtendaji mlango: kikombe kimevunjwa na mtoto. Kauli ya kutendeka huufunga: kikombe kimevunjika, huwezi kuongeza "na mtoto". Ukikutana na "it is said", bado unaweza kuongeza "by" na jina. Inasemekana ni ya kutendeka, na jina la msemaji halina pa kushika. Mnachukua umbo la Kiingereza lenye mlango ulioegeshwa, mnalileta kwenye Kiswahili na komeo juu.

Ilhali Kiswahili hakikuwa na dhiki. Tuna "eti", neno dogo linalotangaza kwamba nimelisikia hili na silidhamini. Tuna "nimeambiwa", ambayo walau inamweka mwenye masikio hadharani. Waturuki wana kiambishi kabisa kwenye kitenzi, -miş, cha kuonyesha kwamba msemaji hakushuhudia. Na kama shida ingekuwa ni kauli ya kutendwa peke yake, fungueni kitabu chochote cha hadithi za Mtume kwa Kiswahili: "Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira." Imepokewa ni kutendwa, lakini jina linafuata palepale. Wanavyuoni wa fani hiyo walikuwa na desturi ya kutumia "imepokewa" tupu, isiyo na mtu, kuashiria kwamba mapokezi hayo ni dhaifu. Kwao ukimya ulikuwa onyo kwa msomaji. Ninyi mnawafundisha vijana kwamba ukimya ni ufasaha.

Ugonjwa huu una ndugu yake, na naye ananikera vile vile: "imeamuliwa", "makosa yalifanyika". Januari 1987 Rais Ronald Reagan alihutubia Bunge la Marekani kuhusu silaha zilizouzwa kwa Iran. Alisema anabeba dhamana yote, na hapo alisema "mimi". Sentensi chache mbele akasema "serious mistakes were made", na hapo "mimi" haikuwapo. Dhamana ilipata mwenyewe, makosa yakakosa. Tangu hapo kila ofisi yenye jambo la kuficha inajua maneno ya kuazima.

Naomba haya, na sioni kama ni mengi. Kwa siku 60, pasipite "inasemekana", "inaaminika" wala "inadaiwa" kwenye meza ya mhariri msanifu bila jina la msemaji kuandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Kama msemaji ameomba kufichwa, msomaji aambiwe hivyo: ni mtu aliyekuwamo kikaoni, ameomba asitajwe. Kama hakuna jina wala aliyeomba kufichwa, sentensi ifutwe. Wikipedia ya Kiingereza, inayoandikwa na watu wa kujitolea, huwa inabandika kwenye sentensi za namna hii kialama kidogo kinachouliza "by whom?", na ninyi mna waandishi wa kulipwa.

Lile jedwali la vijana lichapeni tena Jumamosi ijayo, liwe na safu ya tatu upande wa kulia, yenye kichwa "Nani?" na nafasi za kujaza. Majibu yao nitayasahihisha mimi, bure, hata yakiwa mia tano.

Msomaji wenu, mfasiri