Risala ya Vijana Mafundi Seremala wa Mafinga kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Mufindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani, viongozi wa dini, wazazi wetu na wananchi wote: kamwene!

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia karakana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayesema Mufindi hakuna kazi hajaamka mapema. Alfajiri vibarua wako njiani kwenda msitu wa Sao Hill kupogolea na kugema utomvu. Wengine wanachuma chai na kulipwa kwa kilo. Mgololo kuna kiwanda cha karatasi, hapa mjini kuna cha pareto, na vya veniya, yaani mbao nyembamba kama karatasi, vimeongezeka. Lakini msimu ukikatika, kinachomlisha kibarua ni mahindi na viazi vya nyumbani. Ndiyo maana fomu ikituuliza kazi yetu tunasita: nafasi ni moja, kazi ni tatu.

Wazee wetu wanajua hatari ya kutegemea geti la kiwanda kimoja. Kiwanda cha Mgololo kilisimama miaka ya 1990, na hadi mwekezaji alipokifufua muongo uliofuata, wengi walikuwa wamerudia jembe.

Kwetu sisi shida iko kwenye mbao. Paina inataka miaka 18 na zaidi ndipo ikomae. Ada ya mtoto haisubiri hivyo, kwa hiyo mzazi anauza shamba la miti michanga, na bei anapanga mnunuzi kwa kuangalia tu kwa macho. Miti inapasuliwa hapohapo shambani, mbao zinapakiwa zikiwa bado mbichi, lori linashika barabara kuu kwenda Dar es Salaam. Huko zikipinda, lawama ni za "mbao za Mafinga". Kisha milango na makabati yaliyotengenezwa mbali yanarudi kuuzwa madukani kwetu. Huku kwetu yanabaki mabanzi na maranda, na ujira wa kubeba magogo.

Kiti ulichokalia, Mheshimiwa, tumekiunda sisi kwa mbao tulizozianika kivulini kwa miezi. Hakitapinda. Ila kwa mwendo huo wa kuanika, mteja wa vitanda kumi hatuwezi kumhudumia.

Tunaomba haya. Kwanza, tanuri la kukaushia mbao ambalo vikundi vyote vya mafundi vitalitumia kwa kulipia. Pili, umeme wa fezi tatu, ule wa kuendesha mashine kubwa, ufike karakana hii. Nguzo zinatoka wilaya hii hii, kwa hiyo usafiri hautakuwa kisingizio (tunatania, Mheshimiwa, lakini ombi ni la kweli). Tatu, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile asilimia 4 ya vijana itufikie mapema, kabla bei ya mbao haijapanda. Nne, madawati ya shule za wilaya yetu yatengenezwe na mafundi wa hapa, na tukikosea vipimo, tuyarekebishe kwa gharama zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.