Balozi mpya akijitambulisha, tuambieni kilichozungumzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyopewa habari za mabalozi wapya wanapofika Kampala kujitambulisha kwa Waziri wa Mambo ya Nje. Picha huwa ni ile ile: mgeni na mwenyeji wamesimama mbele ya bendera, bahasha iko kati yao, na chini pameandikwa kwamba pande zote mbili zimeahidi kudumisha uhusiano wa kindugu. Basi, habari imekwisha.

Laiti mngetueleza habari ya bahasha hiyo. Ndani yake mna nakala ya hati za utambulisho, yaani barua ambayo mkuu wa nchi ya balozi amemwandikia Rais wetu, na hati yenyewe hukabidhiwa Rais baadaye. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 inaruhusu balozi ahesabiwe kuwa ameanza kazi tangu anapowasilisha nakala hiyo wizarani, au tangu anapokabidhi hati yenyewe, mradi nchi inayompokea ifuate utaratibu mmoja kwa mabalozi wote. Mkataba huohuo unataka shughuli rasmi za ubalozi zifanywe na Wizara ya Mambo ya Nje au kupitia kwake, isipokuwa pale ilipokubaliwa wizara nyingine. Kwa hiyo waziri na balozi wanapoketi mara ya kwanza, ndipo unapofunguliwa mlango ambao shida zetu sisi watu wa mpakani zitapitia.

Mimi nanunua na kuuza viazi hapa Kabale. Mpaka wetu na Rwanda pale Katuna ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa tena kwa kudumu hadi tarehe 31 Januari 2022. Wapagazi niliozoea kuwaona wakipakia magunia tangu alfajiri walishinda wamekaa kwenye vibaraza vya maduka yaliyotiwa kufuli, na viazi nilivyokuwa nimekwisha kulipia vilichipua ghalani mpaka nikavigawa bure. Siku zote hizo tulikuwa tukisoma magazetini kuhusu mazungumzo, pamoja na makubaliano ya Uganda na Rwanda yaliyotiwa saini Luanda, Angola, tarehe 21 Agosti 2019, lakini kwa nadra sana tulielezwa ni jambo gani limekubaliwa na lipi limekwama, ili mtu ajue kama anunue mzigo au asubiri.

Naelewa kwamba ziara ya kujitambulisha si kikao cha majadiliano, wala si adabu kumpokea kwa madai mgeni ambaye ndiyo kwanza anafika. Hata hivyo, mengi hugusiwa hapo, kwa kuwa waziri hueleza yanayoisumbua nchi yake na balozi hueleza aliyotumwa. Waandishi wako wawasubiri pale nje ya ukumbi, wawaulize kwa heshima: je, mipaka ilitajwa? Ukaguzi wa mazao je? Raia wetu walioko kizuizini katika nchi hiyo walizungumziwa? Na wahusika wakikataa kujibu, liandikwe hivyo hivyo kwamba wameulizwa na hawakujibu, kisha balozi huyo aulizwe tena baada ya miezi sita.

Picha iwekeni, hatuikatai. Tunachoomba ni aya mbili chini yake zitakazomwezesha mchuuzi wa Katuna, Mutukula au Busia kujua kama lake limefikishwa.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa viazi,
Kabale