Tuambieni mto, sio jua la mjini

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki jana kuhusu mvua kubwa inayokuja kwenye milima yetu ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, mliweka picha ya theluji pale kilele cha Margherita, mita 5,109, halafu chini mkaandika Kasese mjini jua na mawingu kidogo. Nasoma gazeti hili miaka mingi sijawahi kuandika, leo nimechoka.

Hilo jua la Kasese ni kweli kabisa na ndio shida yenyewe. Mwaka jana mwezi wa tano nilisikia utabiri kama huo redioni nikalala nimetulia, na kweli kwetu halikudondoka hata tone, vumbi lilikuwa bado liko barazani. Saa nane usiku nikaamshwa na mawe. Mto wetu Nyamwamba ukishuka unasikia mawe yanagongana kama lori linamwaga kokoto, na harufu ya tope inaingia ndani kabla maji hayajafika mlangoni. Nikabeba watoto wawili, jirani akamshika mama mkwe mkono, niliporudi magunia saba ya maharage niliyonunua kwa mkopo yalikuwa yamelowa mpaka juu, siku ya tatu yakaanza kuota. Deni nalipa mpaka leo. Mvua ilinyesha jioni huko mlimani na huku chini hakuna aliyetuambia, na mimi ndio niliyeona tarehe 1 Mei 2013 mto huohuo ulivyovunja Kilembe mpaka hospitali, ikarudi tena Mei 2020, kwa hiyo mtu asiniambie eti haitabiriki.

Theluji haina neno, inakaa hukohuko. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6, ndio maana kileleni inaanguka theluji, ila chini yake kidogo ni mvua, na mvua haikai, masaa machache iko mlangoni kwangu. Mtabiri atuambie hiyo mvua iko mteremko gani na inaingia mto gani. Mtu wa Bwera anataka kujua Lhubiriha, wa Mubuku anataka Mubuku, "magharibi mwa nchi" hakuna anayeishi huko!

Na hizo meseji za tahadhari mbona zinakuja kwa Kiingereza tupu? Mama mkwe anasoma Lhukonzo na Kiswahili chake cha sokoni, meseji ikija ananiletea simu nimsomee, sasa nikiwa safarini Mpondwe nani atamsomea? Halafu malori ya mchanga yanachimba kingo za mto mchana kweupe, kila mtu anaona.

Mimi naomba hivi. Pale juu Kilembe akae mtu mmoja mwenye simu iliyojaa chaji na tochi, tupake jiwe moja la mtoni rangi nyekundu, usiku maji yakilifunika apigie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na muadhini, spika ya msikiti tunaisikia mtaa mzima. Rangi na simu nitanunua mimi.

Muuza maharage,
Kasese